Corolla ya Zamani Inapiga Starta Lakini Haiwaki: Namna ya Kupima Pampu ya Mafuta na Umeme Wake

Mwenye Corolla ya miaka ya 1990, iwe AE100 au ile AE110 iliyozoeleka mitaani kwa jina la "mia na kumi", anaweza kuamka asubuhi akakuta starta inazungusha injini vizuri kabisa lakini gari haliwaki. Gereji nyingi zina jibu moja la haraka kwa tatizo hili, kwamba pampu ya mafuta imekufa, na mwenye gari hutumwa dukani kununua nyingine. Pampu mpya ikifungwa gari huwaka, pengine kwa sababu tu soketi yake imetikiswa wakati wa kazi, kisha baada ya siku chache linazima tena njiani. Kilichoharibika hakikuwa pampu bali umeme unaoilisha. Kwa sababu hiyo, utaratibu unaoelezwa hapa unasimama juu ya sharti moja: pampu isitolewe kwenye tangi kabla umeme wake haujapimwa pale pale ilipo, tena ikiwa kazini.

Maelezo haya yanahusu injini za petroli za Toyota za wakati huo zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, hususan 5A-FE ya sentimita za ujazo 1498 na ndugu yake 4A-FE ya 1587. Gari lenye kabureta ni habari nyingine, kwa kuwa pampu yake kwa kawaida ni ya kimakanika na husukumwa na injini yenyewe.

Umeme unafikaje kwenye pampu

Asiyejua njia ya umeme atabahatisha tu, kwa hiyo ni vyema kuifahamu kabla ya kushika spana. Ufunguo unapowekwa kwenye ON, rilei kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya EFI, yaani mfumo wa mafuta unaoongozwa na kompyuta, inafunga na kupitisha umeme wa betri, kupitia fyuzi iliyoandikwa EFI ambayo kwa kawaida ni ya ampea 15, kwenda kwenye kompyuta ya injini. Pampu haipati kitu bado. Kati yake na umeme huo ipo rilei ya pili, rilei ya pampu, ambayo mara nyingi imefichwa chini ya dashibodi, na ndani yake mna koili mbili. Koili ya kwanza hupata umeme wakati starta inapigwa tu. Koili ya pili hupata ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) kutoka kwenye kompyuta kwa waya unaoitwa Fc, na kompyuta haitoi ethi hiyo mpaka ipokee ishara kutoka kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) kwamba injini inazunguka. Mpango huu uliwekwa kwa ajili ya usalama: gari likipata ajali na injini ikazima, pampu nayo inanyamaza badala ya kuendelea kumwaga petroli kwenye bomba lililopasuka.

Ukishauelewa mpangilio huu, unaweza kufanya nusu ya uchunguzi bila kifaa chochote. Kwanza, pampu ya Corolla ya namna hii hailii ufunguo unapowekwa ON, na fundi aliyezoea magari ya baadaye, yale ambayo pampu hunguruma kwa sekunde mbili hivi kabla ya starta, asiihukumu kwa ukimya huo. Pili, gari likiwaka wakati starta inapigwa kisha likazima mara tu ufunguo unapoachiwa, pampu ni nzima kwa kuwa imefanya kazi muda wote wa starta. Kinachokosekana ni koili ya pili ya rilei au waya wa Fc. Dalili hii ni ya wazi mno, na inasikitisha kuona pampu zinabadilishwa kwa ajili yake.

Kabla ya kugusa chochote

Petroli huvukiza haraka na mvuke wake hutambaa chini, kwa hiyo kazi hii ifanyike mahali penye hewa, mbali na sigara, jiko na mashine ya kuchomelea, na kizima moto kikiwa karibu na mkono. Taa ya kupimia yenye balbu isitumike karibu na tangi lililofunguliwa. Isitumike pia kwenye nyaya za kompyuta, kwa kuwa balbu huvuta mkondo mkubwa kuliko uwezo wa saketi zile. Humo tumia mita ya kidijiti, ambayo hata ile ya bei ndogo inatosha kwa kazi yote iliyoelezwa hapa.

Anza na betri, kwa sababu vipimo vyote vitakavyofuata vinaitegemea. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu ya chaji yake. Wakati starta inapigwa, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka zaidi, kompyuta inaweza kupoteza fahamu katikati ya starta hata kama kila kitu kingine ni kizima, na hapo utatafuta tatizo la mafuta ambalo halipo. Safisha vichwa vya betri, kaza waya mnene wa ethi unaokwenda kwenye injini na bodi, kisha pima upya. Injini ikiwaka, altaneta inapaswa kutoa kati ya volti 13.8 na 14.5.

Kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi ufunguo ukiwa ON. Ikiwaka, kompyuta ina umeme. Isipowaka, angalia fyuzi ya EFI na rilei kuu kwanza, ingawa yapo magari yaliyouzwa balbu hiyo ikiwa imechomolewa makusudi ili mnunuzi asione kitu; hivyo hakikisha balbu ipo.

Sanduku la DIAGNOSTIC

Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na upande wa ndani wa kifuniko pamechorwa ramani ya matundu yake. Mawili tunayoyahitaji sasa ni FP na +B. Chukua kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10 katikati, weka ufunguo ON bila kupiga starta, kisha unganisha FP na +B. Soma ramani mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu ukiunganisha +B na E1, yaani ethi, utaunguza fyuzi papo hapo. Ukikuta tundu la FP halina pini ndani, ruka hatua hii upime moja kwa moja kwenye soketi ya pampu kama inavyoelezwa mbele.

Waya huo unairuka rilei ya pampu na kupeleka umeme wa rilei kuu moja kwa moja kwenye pampu. Fungua kifuniko cha tangi, mwenzako achomeke waya, nawe usikilize: pampu nzima hutoa mvumo mwembamba usiokatika. Ukibana kwa vidole bomba la mpira la mafuta karibu na chujio, utalihisi linakakamaa. Pampu ikilia hapa na gari haliwaki kwa starta, acha tangi lilivyo na uelekeze macho kwenye rilei ya pampu na mambo yanayoiamrisha. Isipolia, pima kama +B ina volti za betri. Ikiwa hazipo, tatizo ni fyuzi au rilei kuu. Ikiwa zipo, inua kiti cha nyuma.

Volti zinazodanganya

Chini ya kalio la kiti cha nyuma kuna kifuniko cha bati, na chini yake soketi ya pampu. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Fundi huchomoa soketi, huweka mita kwenye nyaya mbili, husoma volti 12.4, na hutamka kwamba umeme upo, kwa hiyo pampu imekufa. Kipimo hicho hakisemi lolote la maana. Mita haivuti mkondo, na waya uliobaki na uzi mmoja mzima kati ya ishirini bado utaionyesha volti zote za betri. Ni kama mpira wa kumwagilia uliokunjwa: ukiuziba mdomo, presha hujengeka yote, lakini ukiuachia, maji yanadondoka matone.

Kipimo cha kweli huchukuliwa soketi ikiwa imechomekwa na pampu ikiwa imeunganishwa kwa ule waya wa FP. Penyeza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi hadi iguse chuma cha kila waya, kisha pima kati ya hizo pini mbili. Tuseme betri inasoma 12.4 na kwenye pampu unapata 9.1. Volti 3.3 zimepotea njiani, na sasa kazi ni kuzitafuta. Refusha waya mmoja wa mita hadi kichwa hasi cha betri na mwingine uweke kwenye waya wa ethi wa pampu. Ikisoma 1.9, umekwisha kujua kwamba sehemu kubwa ya hasara iko upande wa ethi. Hamishia kipimo kati ya kichwa chanya cha betri na waya unaoleta umeme kwenye pampu, nawe utapata zile 1.4 zilizobaki. Upande wa ethi haupaswi kupoteza zaidi ya volti 0.2, na upande wa chanya takriban 0.5, kikizidi hapo, kuna kiungo kibovu, na utakifikia kwa kusogeza ncha ya mita kutoka soketi hadi soketi mpaka hasara itoweke ghafla. Kiungo ulichokivuka hapo ndicho chenye ugonjwa.

Hasara hiyo haihitaji uharibifu mkubwa. Pampu ya aina hii huvuta ampea chache, tuseme 5, na kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu kwenye bolti ya ethi inatosha kula volti 2.5. Pampu inayopata volti 9 haifi; inazunguka taratibu na kusukuma mafuta machache. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mafuta hayo yanaitosha, na ndiyo maana gari linaweza kutulia vizuri mjini kisha likaanza kumisi na kukosa nguvu kwenye mlima kama Kitonga likiwa na abiria na mizigo.

Jambo moja lisisahaulike: kwa kuunganisha FP na +B umeiruka rilei ya pampu, hivyo hasara iliyo ndani ya rilei hiyo haitaonekana. Ikiwa gari linawaka, toa waya wa kuunganisha, liache liungurume, kisha rudia kipimo kile kile kwenye soketi ya pampu ukilinganisha na volti za betri za wakati huo, ambazo sasa zitakuwa karibu na 14. Tofauti ikiongezeka sana kuliko awali, rilei imechoka. Rilei hizi huwa na tabia ya kukataa zikipata joto, kwa sababu lehemu ya ndani hupasuka nyufa ndogo ambazo hufunguka kadiri inavyopata moto. Gari la namna hii huzima baada ya mwendo, hupumzika kivulini, kisha huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Fundi mwenye chuma cha lehemu anaweza kuifungua na kuirudishia lehemu hiyo upya.

Mahali pa kutazama kwanza

Kwa magari ya kwetu ningeanza na nyaya zilizokatwa na binadamu. Waliofunga king'ora cha wizi, kifaa cha kufuatilia gari, au ile swichi ya siri ya kukata mafuta karibu wote wamekata waya wa pampu na kuurudisha kwa kusokota na kufunga tepu. Kiungo kilichosokotwa hupata joto, hulegea, hushika kutu ya kijani, na baada ya miaka kadhaa ndicho kinachokula zile volti. Fuata waya kutoka kwenye soketi ya nyuma kuelekea dashibodi, na popote utakapokuta tepu isiyo ya kiwandani, ifungue. Kiungo kirudishwe kwa lehemu na mpira wa kunywea joto. Swichi ya siri yenyewe mara nyingi ni ya taa za nyumbani au ya redio, isiyohimili mkondo wa pampu kwa muda mrefu. Anayeitaka swichi hiyo aiweke kwenye waya mwembamba wa koili ya rilei, asiipitishie umeme wote wa pampu.

Gari lililowahi kupita kwenye maji ya mafuriko, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam anayepitia Jangwani wakati wa masika analifahamu, lifunguliwe zulia na soketi zote za sakafuni zikaguliwe. Maji hukauka juu ya zulia lakini hubaki kwenye sponji ya chini kwa wiki nyingi, yakiendelea kula pini za soketi na bolti za ethi.

Tatizo linapojificha kwenye moto wa plagi

Kwa kuwa kompyuta huiruhusu pampu baada tu ya kuona injini inazunguka, ubovu wa distribyuta unaweza kuvaa sura ya ubovu wa pampu. Rudi kwenye kisanduku cha DIAGNOSTIC, unganisha TE1 na E1, weka ufunguo ON, kisha uhesabu mimweko ya taa ya injini. Taa ikimweka haraka na sawasawa bila kusimama, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kukiwa na kosa, taa itamweka makumi, itapumzika kidogo, kisha itamweka mamoja: mmweko mmoja, kituo, kisha minne ni 14. Namba 12 na 13 zinahusu ishara za mzunguko kutoka kwenye distribyuta. Namba 14 inasema kompyuta haipati jibu kutoka kwa kifaa kinachowasha koili ya moto wa plagi, na ikikosa jibu hilo hukata mafuta kwenye nozeli, kwa hiyo utakuta plagi kavu ilhali pampu inasukuma kama kawaida. Namba 31 ni kihisi cha presha ya hewa. Ukimaliza matengenezo, chomoa fyuzi ya EFI kwa muda mfupi ili kumbukumbu ifutike, kwa sababu namba ya kosa la zamani inaweza kukupoteza.

Presha ya mafuta

Umeme ukiwa safi na moto upo, sasa pampu inaweza kupimwa kwa haki. Punguza presha kwanza: injini ikiunguruma, chomoa soketi ya pampu, iache injini izime yenyewe, kisha ondoa ethi ya betri kabla ya kufungua bomba. Funga geji kwenye njia ya mafuta baada ya chujio, rudisha ethi na soketi ya pampu, kisha uendeshe pampu kwa waya wa FP. Kwa injini hizi presha bila mvuto wa hewa kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) inapaswa kuwa kati ya kilopaskali 265 na 304, yaani psi 38 hadi 44. Injini ikiwa sailensa na mpira wa mvuto ukiwa umechomekwa hushuka hadi 206 hadi 255. Zima injini usubiri dakika tano: isishuke chini ya 147.

Presha ikiwa ndogo, bana kwa muda mfupi sana bomba la mpira linalorudisha mafuta kwenye tangi. Ikiruka juu, pampu ina nguvu na regyuleta ndiyo inayovuja. Isiposogea, badilisha kwanza chujio, kwa kuwa ndicho cha bei ndogo, kisha ndipo umgeukie mtuhumiwa wa tangini. Chomoa mpira wa mvuto wa regyuleta uunuse pia. Ukiwa na petroli ndani, ngozi ya regyuleta imetoboka. Presha inayoshuka haraka baada ya kuzima, ikiambatana na gari linalopiga starta muda mrefu asubuhi, mara nyingi hutokana na vali ya kuzuia mafuta kurudi iliyo ndani ya pampu, ingawa nozeli inayovuja huleta dalili hiyo hiyo.

Pampu ikithibitika kuwa imekufa

Ikiwa inapata volti kamili, ethi yake ni safi, na bado hailii, igonge sehemu ya chini ya tangi kwa nyundo ya mpira huku umeme ukiwepo. Ikizinduka, brashi zake zimekwisha, na umepata nafasi ya kufika nyumbani tu. Soketi ikiwa imechomolewa, pima pia ukinzani wa pampu yenyewe: kati ya omu 0.2 na 3.0 ni kawaida, na mita isiposogea kabisa, saketi ya ndani imekatika.

Pampu hizi hupoozwa na petroli inayopita ndani yake na kuizunguka, ndiyo maana desturi ya kuendesha na mshale wa mafuta ukiwa umelala huzifupishia maisha. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yana makosa yake pia, hasa pale yanapokuja na uchafu unaoziba wavu wa kufyonzea. Ukitoa pampu, mulika ndani ya tangi kwa tochi isiyotoa cheche. Ukiona mchanga mwembamba au maji yamekaa chini kama lulu, tangi lishushwe na kuoshwa kabla ya pampu mpya kuingia. Wavu ubadilishwe pamoja na pampu, mpira wa kuziba kifuniko uwe mpya, na kipande cha bomba la ndani ya tangi kiwe cha aina inayostahimili kuzama kwenye petroli, kwa kuwa mpira wa kawaida huvimba na kupasuka humo humo.

Baada ya kufunga, rudia kile kipimo cha volti kwenye soketi, injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Pampu mpya inaweza kuvuta mkondo mkubwa kuliko ile iliyochoka, na kiungo kilichoonekana kuwa kizima jana kinaweza kupoteza volti leo. Fyuzi ya EFI ikiungua baada ya kazi hii, usiweke ya ampea 30 wala usiifunge kwa karatasi ya sigara. Chomoa soketi ya pampu kwanza, weka fyuzi ya ukubwa ule ule, na uone kama inaungua tena bila pampu.